Kaseti ya mama yangu

Nyie wajukuu mmepotea hivyo, hata salamu hamleti? Mna roho gani?

Leo nimelia Mwanjelwa sokoni, mbele za watu.

Nilimpelekea fundi redio kaseti ya mama yangu akiimba Kihehe, ile ya miaka ya sabini. Sauti yake nyingine hakuna popote.

Fundi kaifungua. Utepe umejikunja, umegandamana.

"Bibi, ulikuwa unaitunza wapi?"

"Juu ya meko, kwenye moshi, pamoja na mbegu za mahindi. Mbona mbegu hazibunguliwi na wadudu?"

"Joto limeiharibu, bibi. Haitaimba tena."

Jamani! Mama yangu kafa upya leo.

Mkija, njooni na simu yenye chaji mnirekodi. Nimebakiwa na wimbo wake mmoja kichwani, nao unanitoka.