Faili Dogo la Pete

Kila karani anapofungua faili mbele yangu, pete za chuma zikaachana kwa ule mlio wake mkavu, narejea mtaa wa Iftin, Garissa, miaka ya tisini, nikiwa binti wa miaka kumi niliyewekwa kwa shangazi ili nisome.

Faili nililokuwa nalo lilikuwa dogo kama kiganja cha baba yangu, karani wa ofisi moja huko kwetu Bute, kaskazini, aliyeniletea. Watoto wote waliandika kwenye madaftari, yeye aliyadharau. "Ukichana karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili hulegea," alisema. "Hili unafungua, unatoa, unatia, bila kuumiza chochote. Andika kila siku, Aabo." Ndivyo baba wa kwetu amwitavyo mtoto, kwa neno lile lile, 'baba', ambalo mtoto humwitia yeye. "Nikija baada ya Idi nitasoma. Nikiona hapakufai, tutarudi nyumbani pamoja."

Nikaandika. Binamu zangu walicheza uani wakinipigia kelele: "Karani wa Bute! Ofisi yako inafunguliwa saa ngapi?" Niliketi nyuma ya tangi la maji, penye harufu ya kutu na udongo uliolowa, nikaandika kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeniita kwa jina langu. Kwamba nilisikia lori la mifugo likielekea kaskazini, nikalisikiliza hadi likapotea. Siku njema zilikuwapo pia, chache: siku ya mvua, siku shangazi aliponisuka nywele.

Asubuhi ya kuja kwa baba nilizisoma kurasa zote, nikaona haya. Kwetu mtu haitaji kwa ubaya nyumba aliyokula chakula chake, na shangazi hakuwahi kuninyima chakula. Nikafungua pete, nikazitoa karatasi za upweke moja moja, nikazisukuma motoni chini ya sufuria ya chai. Faili likajifunga kana kwamba halikupungukiwa na kitu. Daftari lingenisaliti.

Baba alisoma taratibu, kikombe cha chai ya iliki mkononi.

"Jumatatu, Jumanne, halafu Jumapili," alisema. "Aabo, wiki ya Garissa ni fupi hivi?"

Binamu zangu wakaangua kicheko. Akawatuma dukani.

"Siku nyingine hapakuwa na jambo," nikasema.

"Siku nne nzima, hata mbuzi hakulia?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Akaomba kikombe cha pili, yeye ambaye hakuzoea kuzidisha kimoja, akakinywa polepole mno. Kisha akanipapasa kichwa, akamshukuru dada yake kwa malezi, akaondoka.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa ukimya ule, nikauita subira. Sasa nina binti anayenijibu "hakuna kitu" huku macho yamemvimba, nami najua jinsi ilivyo kukaa mbele ya mtoto na kungoja. Baba alikwisha kujua. Lakini hakuweza kunitoa katika nyumba ya dada yake kwa kukisia tu. Hilo lingekuwa tusi. Alihitaji neno langu, moja tu, na alikuwa amewaondoa wote ili nipate kulisema. Nilidhani ninalinda heshima ya nyumba. Nilikuwa nalinda kiburi changu.

Nilikaa Iftin miaka mitano zaidi.