Shefu wa gare katika mji usio na reli

Huku Gisenyi ukisema gare, stesheni, mutu anafikiria minibasi na mandazi ya kuuzwa dirishani. Reli hakuna. Jirani yangu mumoja, mutu mukubwa mwenye wajukuu, aliniuliza treni inageukia wapi ikitaka kurudi. Nikacheka mpaka akakasirika. Bon, mimi shule niliacha mwaka wa tatu, lakini treni naijua: miaka kumi na mine nilipiga kengele kwenye gare moja ndogo ya Katanga, ndani ya pori. Kengele yenyewe ilikuwa kipande ya reli, imefungwa kwenye muti. Nyumba moja, benchi moja, tangi ya maji, na shefu, mukubwa wa gare.

Huyo shefu ndiye nataka kusema. Kofia ya kasketi nyeupe, firimbi, bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Treni ilikuja mara moja kwa wiki, ikipenda. Siku moja bibi yangu akashikwa na uchungu wa kuzaa, mambo yakaenda vibaya, na hospitali iko gare ya pili. Treni ikaingia, imechelewa siku mbili. Nikamwambia, "Shefu, nakuomba dakika tano, nimulete na baiskeli."

Akaangalia saa yake.

"Siku mbili ni ya kampuni," akasema. "Dakika tano ni yangu."

Akapuliza firimbi. Mutoto akafia tumboni. Bibi alipona, mpaka leo anauza sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa.

Donc, mwisho wa miaka ya tisini, tumesharudi Rwanda, nani namukuta karibu na Grande Barrière, pale mpakani? Shefu! Amekuwa zamu, mulinzi kwenye depo ya maharagwe, analala ndani ya kibanda pale mulangoni, anakula kwa tajiri wake. Hana mutu, hana kwingine. Na kasketi bado iko kichwani. Vijana wa kubadilisha pesa walimuchezea kila siku: "Shefu, treni ya saa nne imepita?" Yeye anawajibu kwa Kifaransa, nao wanaanguka kwa kicheko.

Kisha wakamudanganya kwamba wazungu wanapanda vijiti ya kupima kule Nyamyumba, reli inakuja. Vijiti ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya mabomba ya maji. Mimi mwenyewe nilibeba. Shefu akanijia mimi, hakwenda kwa mwingine, kwa sababu nilikuwa mutu wake wa kengele.

"We ulikuwa Nyamyumba. Ni kweli? Nikiacha uzamu na hii ikawa uongo, nimekwisha. Sina hata pa kulala."

"Ni kweli, shefu. Tena wanatafuta shefu wa gare. Wenye kuchelewa watakosa."

Nilipomusimulia bibi yangu, aliacha kuchagua sambaza. "Rudi umwambie," akasema. "Ni mimi nilizaa maiti, si wewe." Nikaendelea kula.

Asubuhi shefu akarudisha funguo kwa tajiri, na heshima yote, kama waziri anajiuzulu. Akashuka Nyamyumba kwa miguu, kasketi imefuliwa, bendera kwapani. Wachimba mitaro walitusimulia baadaye: aliwauliza abiria watasimama upande gani, maana jua ya asubuhi inaumiza macho. Wakamuonyesha mutaro. Wakamwambia apulize firimbi wasikie kama angali anaweza. Akapuliza. Wakamwambia tena. Akapuliza tena, na bendera ya kijani akainua. Wanasema ni mara ya tatu ndipo aliona bomba.

Mi sikuyaona hayo. Saa sita nilikuwa mbele ya tajiri, naomba ile kazi ya zamu. Alinipa palepale, hakuuliza hata nilitoka wapi.

Saa kumi mvua ya ziwa ikashuka. Shefu akarudi, matope mpaka magotini. Aliona funguo mukononi mwangu, akaniangalia, akaelewa yote. Nilingojea anitukane, ningefurahi sana anitukane.

"Nipe kapembe tu humo ndani," akasema. "Mpaka mvua ikatike."

Nilimupa blanketi yake kupitia dirisha, nikafunga. Kibanda ile ilikuwa inatosha watu wawili.