Chini ya Tepu Nyeusi

Kwa miaka thelathini na moja Verlin Tollefsrud amelipwa kwa kutoamini. Anaendesha lori la maziwa katika vilima vya magharibi mwa Wisconsin, na kabla ya kuvuta hata lita moja kutoka tangi la mkulima, hufunua kifuniko, akainama, akanusa. Maziwa yakinuka zizi au vitunguu pori, hayapakii. Mkulima ataapa kwa kaburi la mamake. Verlin ataandika alichonusa na kugeuza lori. Amewahi kukataa maziwa ya shemeji yake wiki ya Pasaka, na shemeji huyo mpaka leo humsalimia kwa kidevu.

Miti anaishuku zaidi. Novemba mwaka 1998 mdogo wake, Arlen, alipanda mwaloni kumvizia kulungu, akitumia vipandio, vingazi vifupi vya kufungwa kwenye shina kwa mkanda, alivyoviacha mtini tangu msimu uliotangulia. Mti hunenepa. Mkanda ulioachwa hukazwa na mti wenyewe, na ukiuvuta utadhani ni imara kuliko siku ulipofungwa. Ndivyo alivyodhani Arlen. Upande wa nyuma, usioonekana, kindi walikuwa wameutafuna ukabaki uzi, nao ukakatika akiwa juu. Arlen yuko mjini, kwenye kiti cha magurudumu, na hataki kusikia habari za kulungu. Verlin hakuacha kuwinda, ila kila Septemba hulaza vipandio vyake sakafuni mwa gereji, akavikagua kimoja kimoja, na mkanda wenye uzi mmoja uliochomoka huutia motoni.

Kwa hiyo Ijumaa ile, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kwa upinde kufunguliwa, binti yake Kendra alipomleta mchumba wake na mkoba wa vipandio, ilijulikana kungekuwa na maswali. Mchumba, Brice Kuehl, ni fundi wa mapaa kutoka La Crosse, mtu wa maneno machache. Kendra alikusudia kupanda mwaloni mweupe wa babake kwa vipandio vya Brice.

Verlin alikitoa kimoja mkobani. Kilikuwa kibomba cha alumini, kifupi kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, chenye pa kukanyagia juu na chini, na kamba ya kijivu ya kukizungusha mtini. Kuanzia katikati, kamba ilipoanzia, hadi pa kukanyagia chini, kilizungushiwa tepu nyeusi ya kitambaa.

"Vinauzwa hivi?"

"Hapana, mzee. Vilikuwa virefu. Nilivikata viingie mkobani. Na mikanda yenye mabizimu nikaitoa, inapiga kelele. Nikaweka kamba."

"Ukavikata."

"Kwa msumeno, mzee. Sikuvitafuna."

Kendra alicheka. Babake hakucheka.

"Na hapa pa kukanyagia chini, palisogezwa?"

"Palisogezwa, pakachomelewa upya."

"Na nani?"

"Jamaa mmoja."

"Huyo jamaa ana jina?"

"Tate. Tunafanya kazi pamoja."

"Kuchomelea alumini si kazi ya kila mwenye miwani myeusi. Na tepu ya nini?"

"Kelele tu. Chuma kikigonga chuma alfajiri, kulungu anakusikia toka kaunti ya pili."

"Tepu inaficha kelele," Verlin alisema. "Inaficha na mengine."

"Baba, wewe ukifika mbinguni utamwomba Petro leseni ya kushika funguo."

"Nitamwomba. Kama ni yeye kweli, atakuwa nayo."

Brice hakuwa na kibali cha msimu, kwa hiyo wakaenda mjini kukinunua. Mkoba ukabaki juu ya meza ya kazi. Verlin aliuangalia kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Jamaa mmoja. Mtu anayejivunia fundi wake humtaja kabla hajaulizwa. Mwenye kazi safi haizungushii kitambaa. Binti ni mmoja, na mwaloni ule una mawe chini yake.

Alichagua kipandio cha tatu kwa sababu tepu yake ilikuwa nene kuliko nyingine. Akachomoa kisu cha kuchunia, akachana tepu toka juu hadi chini, akaibandua. Mchomeleo ulikuwa mzuri. Viwimbi vidogo vimelaliana sawasawa, hakuna tundu, hakuna ufa. Aliupitisha ukucha mara mbili, akausogeza dirishani, akautazama tena kwa kioo cha kukuzia. Ulizidi kuwa mzuri. Alichohisi hakikuwa faraja. Kilikaribia zaidi kuvunjika moyo.

Akazungusha tepu yake mwenyewe, nyeusi vilevile, akarudisha kila kitu mahali pake. Vijana waliporudi walichukua mkoba na kuelekea mtini. Verlin alisema atawafuata.

Ni wakati wa kupangusa kisu kwa gunia alipoona nyuzi tatu za kijivu zimeganda kwenye makali.

Yeye, ambaye hajawahi kukubali maelezo ya mkulima yeyote, alijitafutia maelezo. Labda ni za gunia. Labda ncha ya kamba ilikuwa imechakaa tayari. Gunia lake lilikuwa la kahawia, na ncha ya kamba aliikumbuka, ilikuwa imeyeyushwa kwa moto, nyororo kama shanga. Alipiga simu ya Kendra. Bonde lile halina mtandao. Goti alilofanyiwa upasuaji Machi halikutaka kilima, naye hakuliuliza.

Alipofika, vipandio viwili vilishafungwa mtini. Kendra alishavaa mkanda wa usalama. Brice alikuwa amechuchumaa na cha tatu, akivuta kamba yake pole pole kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wafanyavyo watu wa mapaa.

"Kisipandwe hicho," Verlin alisema akihema.

"Hakipandwi." Brice hakuinua kichwa. "Mzee, gereji yako ina panya?"

"Haina."

"Basi nimepata panya wa ajabu. Amekata kwa kisu, halafu akafunga tepu."

Kendra alimgeukia babake. "Baba?"

"Nilitaka kuuona mchomeleo."

"Ungeniambia, ningekufungulia," Brice alisema.

"Ungenifungulia ulichotaka nikione."

"Na umeona nini?"

"Uko sawa."

"Uko sawa," Kendra alirudia. "Na sasa umekuja mbio kwa sababu ni mimi ninayepanda. Angekuwa Brice peke yake, ungekuja?"

"Ningekuja."

Lakini alichelewa kidogo kujibu, na wote watatu walikusikia kuchelewa huko.

Brice alitoa kamba ya akiba mfukoni, akaifunga mwenyewe. Verlin alinyoosha mkono kumshikia kibomba. Brice alikisogeza upande wa pili wa goti lake. Kilipokwisha kufungwa mtini, Kendra alivua mkanda wa usalama na kumpa babake.

"Panda wewe kwanza."

Alipanda. Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu alisimama, amekumbatia gome. Hakuna kilichogonga wala kulia.

"Ruka kidogo hapo," Brice alisema toka chini.

"Nina goti bovu."

"Ruka, mzee."

Akaruka mara moja. Kamba haikusogea. Akashuka polepole, na hakuna aliyemshika mkono.

Kendra alivaa mkanda. Kabla hajakanyaga, Brice alipitisha vidole kwenye kila kamba tena, upande wa mbele na wa nyuma, hasa pale mzee alipokuwa ameshika.

"Kesho tutakuja wawili tu, Baba," Kendra alisema akiwa juu. "Wewe kaa mti wa kule ng'ambo ya bonde."

"Kule hakuna kulungu."

"Najua."