Upele Uliomleta Mjomba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, ngozi yangu ilikuwa mali ya umma. Kila aliyeingia nyumbani kwetu Highview, kusini mwa Louisville, Marekani, aliombwa aitazame na kutoa maoni. Waliitazama wanakwaya wenzake mama, akaitazama mchungaji, akaitazama hata fundi aliyekuja kuzibua sinki. Fundi huyo, kwa kuwa hakujua Kiswahili, alitikisa kichwa tu akarudi kwenye sinki lake. Hadi leo naona maoni yake ndiyo yaliyokuwa na busara zaidi.

Upele ulianza usoni na mikononi. Kwanza vipele vyekundu, kisha malengelenge yenye maji, yamejipanga mistari mistari kana kwamba mtu amenichora kwa kijiti. Uliwasha mpaka nikawa najisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyetangulia kutoa hukumu. "Upupu huu," alisema. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulikotoka, watoto waliokwenda porini kutafuta kuni walirudi na upupu, na dawa yake ilijulikana: majivu. Shida ni kwamba jiko la umeme halitoi majivu. Bibi akachoma maboksi ya mayai ndani ya sufuria, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, na meneja akatuletea barua ya onyo yenye vifungu vinne. Nilipakwa majivu ya maboksi ya mayai, nikawa na rangi ya ukuta. Upele haukujali majivu wala barua.

Jirani yetu, mama mmoja mzungu mzee, akaleta shayiri iliyosagwa ya kumwaga kwenye maji ya kuoga. Bibi, aliyekuwa amepanga foleni ya unga wa uji miaka mingi ya maisha yake, alisimama mlangoni mwa bafu akitazama.

"Mnamwogesha mtoto uji," alimwambia mama.

"Ndivyo wanavyofanya hapa."

"Na wakishaoga, wanakunywa nini?"

Kliniki hawakuhitaji hata kunitazama mara mbili. Ni poizoni aivi, alisema muuguzi, mmea unaotambaa na kupanda miti na nguzo, wenye majani matatu matatu. Ukiugusa, mafuta yake yanakuachia hayo. Alinipa dawa ya maji ya rangi ya waridi ya kupaka na vidonge vya kupunguza uvimbe, akauliza kama huwa nacheza msituni. Nilimtafsiria mama swali hilo, akacheka kwa uchovu. Msitu wetu ulikuwa uwanja wa kuegesha magari. Kulikuwa na fomu pia, nayo ilitaka mkalimani aandike uhusiano wake na mgonjwa. Niliandika "mimi mwenyewe". Hakuna aliyeniuliza lolote, kwa hiyo nadhani inawezekana.

Vidonge vilifanya kazi. Baada ya wiki mbili nilikuwa mzima. Baada ya wiki tatu upele ukarudi. Tukaenda tena, nikapona tena, ukarudi tena.

Hapo ndipo Bibi alipobadili hukumu yake. Upupu, alisema, hauna tabia ya kurudi kwa mtu aliyelala ndani. Upele unaoondoka na kumrudia mtoto ni ugomvi wa watu wazima wa damu moja, ugomvi ambao haujasemwa kwa mdomo. Unazunguka nyumbani ukitafuta pa kutokea, na unatokea penye ngozi laini. Alishauona kwao milimani, Burundi, kabla ya vita. Dawa ni bakuli moja la maji. Wagomvi wawili wanasimama mbele ya mtoto, kila mmoja anasema juu ya maji yale kilichomo moyoni, anayatia mdomoni, anampulizia mtoto. Wasiposema, mtoto haponi, hata umpe vidonge vya nchi nzima.

Alipokuwa akieleza alitazama dirishani, lakini sote tulijua wagomvi ni nani: mama na mdogo wake, Mjomba Zeki.

Ugomvi wao ulianzia kwenye meza ya ofisa, kambini, wakati wa mahojiano ya kuja Marekani. Ofisa alimuuliza Mjomba, kijana wa miaka ishirini, kama ana mke. Kabla hajafungua mdomo, mama, aliyekuwa mkuu wa faili letu, alijibu: "Hajaoa." Kwa hesabu za kanisa ilikuwa kweli, maana yeye na Konsolata walikuwa hawajabarikiwa. Kwa hesabu za majirani ilikuwa uongo, maana walikuwa wakiishi nyumba moja na kupika chungu kimoja. Lakini kuongeza mtu kwenye faili maana yake faili linarudi chini ya rundo, na mama alikuwa na mama yake mwenye magoti mabovu, na mimi. Ofisa akatia alama kwenye kisanduku cha fomu. Mimi leo nalipwa kuwajazia watu visanduku kama hivyo, na naweza kusema kwamba punje moja ya mchele inakifunika chote.

Mwaka wetu wa pili Louisville, Mjomba alikwenda kuuliza namna ya kumleta Konsolata. Alielezwa kwa adabu kwamba faili linasema hajaoa. Alisema yeye mwenyewe ndiye anayesema ameoa. Wakamwonyesha faili. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya mama, akasema neno moja tu: "Dada, ulinijibia." Wiki iliyofuata alihamia jimbo jingine, Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kupakia mizigo ghalani. Aliacha kazi yake ya kufyeka vichaka chini ya nguzo za umeme, na kwenye kabati la makoti akaacha jaketi la kazi hiyo.

Mimi ndiye niliyelichukua. Baba yangu simkumbuki. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyekaa nami nikijifunza kusoma Kiingereza, akijifunza naye kimya kimya begani kwangu. Nililala na jaketi lake, mikono yake nimeizungushia shingoni. Lilinukia petroli ya mashine ya kufyekea. Asubuhi nililificha chini ya godoro. Nilipougua sana Bibi alinilaza kitandani kwake, na nilipopona nikarudi chumbani kwangu, kwenye jaketi langu.

Safari ya tatu, daktari alinipa karatasi ya maelezo. Nyumbani mama alitaka nimsomee. Nikasoma: usijikune, weka kitambaa cha maji baridi, rudi kliniki macho yakivimba. Katikati kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba mafuta ya mmea ule yanaweza kukaa kwenye nguo na vifaa kwa miezi mingi, na kwamba kila kitu kifuliwe. Niliisoma moyoni mara mbili.

"Na hapo katikati?" aliuliza mama. Alikuwa akifuata kidole changu.

"Wanasema ninywe maji mengi."

Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba nikiisema sentensi ile, jaketi litafuliwa, nitapona, na bakuli la Bibi halitakuwa na kazi. Mimi nilikuwa nalitaka bakuli. Nilimtaka Mjomba asimame sebuleni kwetu, hata kama ni kwa dakika tano, hata kama ni kwa kunitemea maji. Kwa hiyo niliendelea kulala na jaketi, na safari hii nililalia kola yake kwa makusudi.

Jicho la kulia likafumba kabisa. Shule ikaandika barua kwamba nisirudi bila cheti cha daktari kuthibitisha kwamba siambukizi. Kliniki ikasema ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo cheti hakihitajiki. Shule ikaomba cheti kinachosema kwamba cheti hakihitajiki. Mama, aliyekuwa akisimama kiwandani kwa muda wa saa kumi kila siku, alikaa sakafuni jikoni na barua zote mbili mapajani, akafumba macho. Kisha akachukua simu akatoka kibarazani. Nilisikia maneno mawili tu: "Mtoto," na "Njoo."

Mjomba alifika Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Bibi akaleta bakuli la plastiki tulilooshea mchele.

"Mama, mchungaji akisikia..." alianza mama.

"Mchungaji alikuja akasema tuombe. Tumeomba. Shika bakuli."

Mama alishika. Alilitazama lile maji muda mrefu sana, na mimi, kwa jicho langu moja, nilimtazama yeye.

"Uliulizwa wewe, nikajibu mimi," alisema. "Nilijua una mke. Nilijua, nikasema hajaoa."

Hakuwahi kulikubali hilo kabla ya siku ile.

"Ameolewa," alisema Mjomba. "Konsolata. Mwezi uliopita."

"Sikujua."

"Ungejuaje, Dada."

Akatia maji mdomoni akanipulizia kwa nguvu zaidi kuliko dawa ilivyohitaji. Mama alifuata, pole pole, kama mtu anayelowesha shati la kupiga pasi. Bibi akanifuta kwa upindo wa kitenge chake, akatangaza kwamba maharage yameiva.

Baada ya kula Mjomba alikwenda kujinyoosha chumbani kwangu. Nilimkuta ameketi kitandani, jaketi mapajani, kola ameigeuza nje.

"Wenzangu kazini walivimba kwa majani haya," alisema. "Mimi hayanishiki." Kisha: "Ulijua, Spesi?"

"Karatasi ilisema."

"Na mama yako?"

"Hasomi Kiingereza."

Alilitia jaketi kwenye mfuko mweusi wa takataka, akafunga fundo. "Umefanana na mama yako," alisema. Nilifurahi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa ananisifu tu.

Sikuugua tena. Bibi alisema ni maji, na hadi anakufa aliwasimulia watu kanisani. Kliniki iliandika kwamba matibabu yamefaulu. Sikuwapinga. Wote wawili walikuwa na ushahidi mwingi kuliko mimi.

Kwa muda niliamini kwamba niliwaponya wale watu wawili. Baadaye, nilipokuwa msichana mwenye kusoma vitabu vingi na kuwahukumu wengine, niliamini kwamba niliwalaghai. Sasa naishi Lackawanna, jirani na Buffalo, na jioni nikitoka kwenye visanduku vya watu sina nguvu ya kuamini lolote kati ya hayo. Ninachojua ni kwamba tangu Jumamosi ile walianza kupigiana simu kila Jumapili baada ya ibada, na kwamba jambo walilojua kuzungumza lilikuwa moja. Konsolata hawakumtaja. Ofisa hawakumtaja. "Ngozi ya Spesi inaendeleaje?" aliuliza Mjomba. "Inaendelea," alijibu mama, na kutoka hapo wakasogea taratibu hadi hali ya hewa, magoti, bei ya mihogo.

Wiki iliyopita mama alinipigia ndiyo kwanza navua viatu.

"Mjomba wako anauliza, bado inakuwasha?"

Mjomba alifunga fundo la mfuko wa jaketi kwa mikono yake; anajua hakuna kinachoniwasha. Nilitazama mikono yangu, safi, mikavu kwa baridi ya huku.

"Kidogo," nilisema. "Mkono wa kushoto."

"Pole, mwanangu. Ngoja nimpigie," alisema mama, na sauti yake ilikuwa imeshachangamka kabla hajakata simu.