Papa wa Ziwani

Kila nikipita soko la samaki la Mwaloni na kunusa papa mkavu aliyeletwa kutoka pwani, kidole changu cha mguu hujikunja chenyewe.

Nilikuwa mdogo, maji magotini, nasuuza sufuria ya bibi ziwani, kidole kinavuja damu baada ya kujikwaa kwenye jiwe. Kaka yangu, aliyekuwa anasoma Tanga, akapiga kelele kutoka kwenye mchanga: "Toka! Papa ananusa damu toka mbali! Wengine wanapanda mpaka mitoni, kwenye maji yasiyo na chumvi!"

Nilitoka kwa mbio ambazo mwalimu wa michezo hajawahi kuziona. Sufuria ikabaki inaelea.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa atoke wapi huku, mjukuu wangu? Huku kuna mamba tu. Haya, kaniletee sufuria yangu."