Mistari Saba ya Kijani

Mimi huchora picha ambazo watu huuliza juu ni wapi na chini ni wapi. Siku ya kufungua maonyesho yangu, kwenye ukumbi mmoja katikati ya jiji, niliulizwa hivyo mara tisa kabla ya saa sita, na ile ya tisa karibu nimwonyeshe mtu mlango. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi iliyosema kwamba picha hizi zinahusu hisia, na jinsi binadamu tunavyoshikana. Niliiandika mwenyewe, tena kwa madaha. Nikiikumbuka leo naona aibu mpaka masikio yanapata moto.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya kijivu, kimo cha mlango, na ndani yake mistari saba ya kijani iliyolala, mmoja chini ya mwingine. Mabwana wawili wenye miwani walibishana mbele yake. Mmoja alisema ni mvua ya masika, mwenzake akasema ni mipaka aliyotuachia mkoloni. Msichana wa chuo akaniambia, "Haki, hii imenigusa," akapiga selfi, akaenda zake. Niliwaacha waseme. Mficha uchi hazai, ndivyo watu husema, na mimi nilitaka niufiche uchi wangu ukutani, mbele ya macho ya kila mtu, na bado nizae.

Mistari ile haikuwa mvua wala mipaka. Ilikuwa simu. Miaka miwili kabla ya hapo, mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi kule River Road, alinipigia mchana mmoja mara saba. Nilikuwa chumbani kwangu karibu na Adams Arcade, na rangi ilikuwa imenikubali siku hiyo. Siku kama hizo ni chache. Nikaona jina lake, nikasema moyoni, huyu naye, hadithi zake zingoje. Nikaigeuza simu, kioo kikalala juu ya meza, na kila alipopiga, ukingo wake uliwaka kijani. Mara ya saba ulizima kabla haujawaka sawasawa.

Nilihesabu, unaona? Simu sikuisahau mahali, wala sikuwa nimelala. Nilihesabu, nikaendelea kuchora.

Pumu ilikuwa imembana. Kikopo chake cha dawa ya kuvuta alikuwa amekisahau kwangu Jumapili, nacho kilikuwa pale pale dirishani, hatua tatu kutoka niliposimama na brashi yangu. Wenzake walimkuta stoo saa kumi, amekwisha kukata roho. Mama aliponiuliza kama alinitafuta, nilimwambia simu yangu ilikuwa imezima, haina chaji. Nilisema hivyo kwa mama, kwa mchungaji, kwa kila aliyekuja matanga, mpaka ulimi ukauzoea ule uongo.

Mama alikuja kwenye maonyesho saa nane, peke yake, kutoka Uthiru, amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Nilikuwa nimemwambia mara mbili asijisumbue, kuna jua, kuna foleni, na picha zenyewe hazieleweki. Woi, kumbe nilikuwa najidanganya. Mama amesuka vyondo, vile vikapu vya mkonge vyenye mistari ya rangi, tangu akiwa mtoto kule Ukambani. Mtu ambaye maisha yake yote amepanga rangi na kuhesabu mistari ndiye niliyedhani hataielewa picha yangu. Alizipita nyingine zote akaja kusimama mbele ya ile ya kijivu, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu.

"Hii ya saba mbona imekatika?" akaniuliza.

"Ni picha tu, Mama."

"Usinifanye mjinga. Nilianza kuhesabu mistari kabla wewe hujazaliwa. Mtu haweki saba hivi hivi, na hakati ya mwisho hivi hivi. Hizi ni nini?"

Ningeweza kumdanganya tena. Nilikuwa na uongo wa kutosha, hata ule wa mvua ya masika ulikuwepo. Lakini nilichoka. Nilichoka ghafla.

"Ni simu," nikasema. "Alinipigia mara saba. Niliziona zote."

Mama akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akaupakata mkoba wake. Hakulia. Ningeshukuru kama angelia, au kama angenizaba kofi pale mbele ya wageni wangu.

"Nilijua haikuwa imezima," akasema. "Alinipigia na mimi, mara moja. Sauti haitoki vizuri, anasema dawa iko kwako, simu yako inaita tu lakini hushiki. Miaka miwili nakungoja uniambie. Kila ukija nyumbani nasema, leo atasema. Kumbe ulikuja kuambia watu wa mjini kwanza."

Nikapiga magoti. Watu walitazama, pengine walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikamwambia, nisamehe Mama, nikalisema hilo neno mara nyingi hata likakosa maana. Aliniwekea mkono kichwani, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa bado anautazama ule mstari wa saba.

"Siku hiyo aliniuliza kama aite mwenye duka amkimbize hospitali," akasema. "Mimi nikamwambia, wacha kusumbua watu kazini. Endelea tu kumpigia dada yako. Huyo hawezi kukosa kushika."