Mashine Isiyoijua Kwaya Yetu

Katika duka moja la Kamembe, mpakani karibu na Bukavu, mzee aliyesimama mbele yangu alikuwa akichagua mashine ya bei kali ya kupigia muziki kwa intaneti. Kifuani alikumbatia CD moja.

"CD zimepitwa na wakati, Papa. Humu muko nyimbo zote za dunia," muuzaji alisema.

"Tafuta kwaya yetu ya Bukavu."

Muuzaji akatafuta mara tatu, hakuipata.

"CD hii tuliuzishaka ku mulango ya kanisa tu," mzee alisema. "Maman ya batoto yangu, marehemu, ni yeye anaanzisha wimbo ya pili."

"Lete basi niinakili."

Mzee akaigeuza, akatazama mikwaruzo. "Na ikikwama?"

Mimi mwaka jana nilinunua mashine kama hiyo, nikagawa katoni nzima ya CD bila kusoma majina. Sasa nazunguka Gihundwe, mtaani kwetu, nauliza majirani nani bado anazo.